Kabati ya Papa Yenu

Prodige,

Maharagi iko ndani ya sufuria, umupashie moto mudogo yako Bénita akitoka masomo. Mimi niko Keshero kwa baba mudogo yenu, nitarudi kesho baada ya misa ya mwaka ya marehemu papa yenu.

Asubuhi nilifungua kabati yake nitoe kostime, ile suti yake, tumupatie ndugu yake. Nikakuta miti ya bangi, taa, matundu umetoboa nyuma, na ventilateri ndogo inapuliza upepo. Kostime umeisokomeza ndani ya gunia ya makala ya jiko. Ya makala, Prodige! Nimeipeleka hivyo hivyo, na weusi wake.

Majirani wakisikia ile harufu, polisi watakuja kukufunga. Nitakosa wanaume wawili katika mwaka mumoja.

~~Vunja yote.~~ Majani ung'oe leo, utupe ndani ya choo. Taa uzime.

Ventilateri uiache. Tangu Pasaka nikilala nasikia pumzi ndani ya ile kabati. Nilizani ni yeye. Kila siku nilikuwa namuambia habari zenu, hata kwamba wewe umekuwa mutoto muzuri.

Nikirudi, niikute inapumua.

Mama yenu