Wauguzi Wenye Viuno vya Nyigu

2 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Huku sote wazima, ila mgongo wangu siku hizi hautii amri. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula au unashibishwa na kioo cha kompyuta.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunagombana, na hapa karakanani cherehani saba zinapiga kelele kwa pamoja. Unakumbuka sare za wauguzi mwaka jana? Daftari la vipimo liliingia maji, kurasa zikagandana, nami kwa kiburi nikakisia. Muuguzi mrefu kuliko wote akapata gauni lililoishia juu ya magoti, na mfupi akaburuza lake wodini kama bibi harusi.

Sasa muuguzi mkuu ametupa nafasi ya mwisho. Wauguzi mia tatu na kumi na wawili, sare tayari tarehe 30 Juni, na kila moja imkae mwenyewe. Tukikosea, kazi inakwenda kiwandani na sisi mafundi saba tunatawanyika. Nimejenga jina hili miaka thelathini na miwili, na siku hizi naogopa hata kupita mbele ya hospitali.

Uliwahi kusema una kidude cha simu cha kuhifadhi vipimo. Sikukuamini, na bado nasitasita. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Kilete.

Baba yako

6 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mwambie mama ninakula, tena sana. Pole na mgongo. Punguza kuinamia meza ya kukatia.

Baba, barua yako nimeisoma mara tatu kwa furaha, Mungu anisamehe, maana shida yako ndiyo niliyoisubiri! Programu iko tayari. Kila fundi aipakue kwenye simu yake, aandike jina la muuguzi, ajaze visanduku kumi na viwili, basi. Vipimo vinakwenda mtandaoni na maji hayavifikii. Ni rahisi kuliko kutunga uzi kwenye sindano.

Binti yako

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, ila mmoja wetu ana kesi nyumbani.

Simu zetu zimejaa picha za wajukuu, hazina nafasi ya kidude chako. Fundi wa vifungo akafuta picha ili kukipisha, kumbe ni za harusi yake. Mke wake hasemi naye tangu Jumanne.

Waliobahatika kukipakua walikwenda wodini. Kuta za kule ni nene, mtandao hakuna. Kile kiduara kilizunguka mpaka wagonjwa wakakizoea. Halafu hivyo visanduku! Mwanangu, umekulia chini ya meza yangu. Fundi akipima mikono yake yote miwili iko kwenye utepe. Anataja kwa sauti, mwenzake anaandika. Nikiwa peke yangu na simu, nibonyeze kwa pua?

Haraka haraka haina baraka. Tumebakiwa na miezi mitatu na siku chache.

Baba yako

5 Aprili

Baba mpenzi,

Shikamoo. Poleni nyote, na mke wa fundi wa vifungo nimemwandikia mwenyewe kuomba radhi.

Barua yako iliniuma kwa sababu kila neno ni kweli. Nilitengeneza kitu cha kunipendeza mimi. Nimekitupa chote, nimeanza upya.

Sasa hakuna cha kupakua. Ni ukurasa wa wavuti: unaufungua mara moja mahali penye mtandao, nao unabaki kwenye simu, mdogo kuliko picha moja ya mjukuu. Wodini unafanya kazi bila mtandao. Mkitoka nje unatuma vipimo wenyewe. Teknolojia hii ndiyo kwanza inashika kasi, nami naipenda kama wewe unavyopenda kitambaa kisichokunjamana. Na visanduku nimevifuta. Weka simu mezani, pima, taja kwa sauti kama ulivyozoea. Simu inasikiliza na kuandika.

Binti yako

28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba! Tumewapima wote kwa siku tisa, kila fundi na simu yake. Mwaka jana ilikuwa wiki sita. Simu inasikia hata sauti ya fundi wa vifungo, ambaye mkewe mwenyewe hamsikii. Jumatatu tunaanza kukata.

Baba yako

29 Aprili

Baba,

Shikamoo. Simu hupokei, kwa hiyo barua hii inakuja na dereva wa basi. Nawaombeni msikate! Msiguse mkasi!

Nimetazama vipimo. Wauguzi wenu karibu wote wana viuno vya nyigu. Inchi kumi na nane! Ishirini na mbili! Muuguzi mkuu, mama niliyemwona kwa macho yangu akijaza mlango, ameandikwa thelathini. Kifua na mabega ni sawa, ila viuno na nyonga haviwezekani. Nimepekua programu mstari kwa mstari tangu asubuhi na sioni kosa. Baba, naogopa. Nikikuharibia jina sitajisamehe.

Binti yako

30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Futa machozi. Nimecheka mpaka mgongo ukanyooka, kisha nikaenda kuuficha mkasi, maana ulikuwa umenolewa tayari.

Kosa ni letu. Kiuno cha mwanamke hakitajwi hadharani. Tangu nilipofundishwa kazi, fundi hupunguza kumi kwenye kiuno na nyonga anapotaja, na mwandishi huongeza kumi kimyakimya daftarini. Mkataji husoma daftari kama lilivyo. Mdomo umezoea hata sikumbuki kwamba nadanganya. Simu yako haikufundwa adabu, ikaandika ilichosikia.

Angalia jambo moja: yule fundi wetu aliyetoka kiwandani hana desturi hiyo. Hutaja kavukavu, na wauguzi wanamnunia. Usimwongezee.

Baba yako

2 Mei

Baba mpenzi,

Shikamoo. Simu sita nimeziongezea kumi, ya saba nimeiacha. Kuanzia sasa simu inaongeza yenyewe, na kwenye kioo haionyeshi kiuno cha mtu. Kateni sare tano kwanza, wavae, uniambie. Roho iko mkononi.

Binti yako

30 Juni

Mwanangu,

Zile tano zilikaa, hilo nilikuambia. Leo ilikuwa zote.

Walipanga foleni kwenye ukumbi wa hospitali, nami nikasimama ukutani kama mshtakiwa. Yule mrefu akatoka kwanza, gauni limefika pale linapotakiwa kufika. Yule mfupi akazunguka mara mbili bila kujikwaa. Mia tatu na kumi na mmoja, mwanangu, hakuna hata pindo la kufumua! Mmoja tu alibanwa kiunoni, nikamsogelea na utepe. Akaninong'oneza kwamba ana mimba na hajamwambia mtu. Tulipomaliza kunong'ona ukumbi mzima ulikuwa ukipiga vigelegele.

Muuguzi mkuu amevaa yake na hajaivua. Kazi ni yetu, na madaktari wanataka makoti. Akauliza ni nani aliyetutengenezea ile simu inayotunza siri. Nilifungua mdomo kusema binti yangu anafanya kazi ofisini, kama ninavyowaambia watu siku zote. Nikasema, "Binti yangu. Ni fundi." Nikalirudia neno hilo kwa sauti mafundi wote wasikie, na sikuona haya.

Fundi mwenzako,
Baba