Nyambizi ya Wajerumani na Phonie ya Butembo

Paluku, rafiki yangu,

Tangu tukuzike Mutwanga, mkwe wako Kasereka hapewi mkono tena nyumbani kwako. Waasi walipozuia pickup yenu walikuua, wakachukua chumvi na dawa. Yeye, aliyekuwa akiendesha, akakimbilia ndani ya shamba la kahawa, akapona. Dada yako haachi kuuliza: "Dereva alipona, mwenye mali alikufa. Lakini nani aliuzisha mwenzake kwa waasi?" Jumapili familia itakaa kikao ili binti yako atolewe kwake pamoja na watoto.

Mimi pia nilimshuku. Nikipita kwake nilichungulia kama amenunua kitu kipya. Bati, redio, hata viatu.

Kisha nikakumbuka kile kitabu cha misioni, kilichoungua kule Kayna nilipokimbia vita mara ya pili. Wewe ulipenda kurasa za ujenzi: nyambizi ya Wajerumani, mabamba ya chuma yakiunganishwa kwa moto, mafundi wakiligonga kila ungio na kusikiliza. Ikazama vitani na watu wake wote. Wakubwa wao wakatafuta msaliti kati ya mafundi, bandarini, hata kwa wake za mabaharia. Ukapiga meza: "Ni mutu wa ndani tu." Lakini hakukuwa na msaliti. Kapteni, kila alipoibuka, alituma habari kwao kwa redio, na adui alitega sikio mpaka akajua alipo.

Paluku, siku moja kabla ya safari yenu nilikuwa nyuma yako kwenye mstari wa phonie ya Butembo, ile redio tunayozungumzia na watu wa mbali. Ulimpazia sauti mdogo wako wa Mutwanga: "Kesho asubuhi tunatoka na chumvi na dawa, pickup ya bleu. À vous," ukamwachia nafasi ajibu. Mama mmoja akakutania: "Papa, hata watu wa Kampala beko banakusikia." Tukacheka. Bado najiuliza ni nani pale hakucheka, na porini ni nani alikuwa amefungua redio yake.

Inaniuma kukuambia haya wakati huwezi kunijibu. Labda ungenipinga.

Jumapili nitayasema mbele ya wote, hata mke wako akinifukuza. Pumzika, ndugu yangu. Baadaye nitamwomba Kasereka anilete kaburini kwako, mimi na yeye garini. Siku ya safari tutaijua sisi wawili tu.