Kaka Amekata Mchungwa Wangu

Jumapili, Itaka. Mvua za kwanza za Novemba zimeanza, na leo imenyesha rasharasha tangu asubuhi, ile isiyokuzuia kwenda kanisani lakini inayokurudisha nyumbani na matope mpaka kwenye pindo la gauni.

Nina hasira. Naandika nikiwa nayo, sitaki kusubiri ipoe.

Alhamisi nilikwenda Tunduma kupeleka sare za shule nilizoshona. Jioni bodaboda akanishusha barabarani, nami nikapitia nyuma ya nyumba kama ninavyopita kila siku kabla ya kuingia ndani. Miparachichi miwili na mpera ilikuwa chini. Mchungwa ulikuwa chini. Umekatwa kwa panga na maua yake yote, na ndiyo kwanza ulikuwa unachanua tangu niupande.

Harufu ilikuwa imejaa uani. Hilo ndilo lililonimaliza. Mti umelala kwenye matope na bado unanukia.

Sikulia mbele ya mtu. Nilichukua beseni, nikachuma maua yote, nikaliweka katikati ya meza ya chakula. Tulikula ugali tukilizunguka.

Niseme kwa asiyenijua. Niliolewa Tunduma, ndoa ikavunjika, na miaka minne iliyopita nikarudi kwa wazazi wangu na cherehani na mabegi mawili. Kaka yangu Elia ndiye aliyekuja kunichukua. Alibeba cherehani begani mwenyewe na njia nzima hakuniuliza swali hata moja. Nataka hilo nalo liandikwe, maana leo naandika mabaya yake.

Wakati huo baba alikuwa hai. Alinionyesha kipande kinachotoka nyuma ya nyumba mpaka barabarani, mawe matupu, hakifai mahindi wala kahawa, akaniambia hicho ni changu. Hakuandika popote. Mwaka uliofuata alifariki.

Nilitoa mawe kwa mikono. Nikapanda miparachichi, mchungwa wa kubebesha uliounganishwa kwenye shina la mlimau, mpera mmoja, na mlangilangi, mti wa maua, niliopewa na rafiki yangu wa Kyela. Huo mlangilangi ulichekwa na kila aliyepita. Kyela kuna joto, huku kwetu mwezi wa sita tunaota moto hata mchana. Kila baridi ilipokuja niliuvika gunia. Ukapona. Sasa unanizidi urefu, na ukichanua, anayepita barabarani anageuza shingo kutafuta harufu inatoka wapi.

Kaka alinionya mapema. Panda maharage, alisema, panda mboga, usipande miti. Kwetu anayepanda miti anasema hapa ni pake, na binti hana pake nyumbani kwa baba yake. Nilimsikia vizuri. Nikapanda.

Na nikiri hapa jambo ambalo sijalikiri kwa mtu. Kaka hakunielewa vibaya. Anayelima maharage unaweza kumwambia aondoke akishavuna.

Nilipanda miti ili nisiondoke.

Leo baada ya ibada kaka aliitisha kikao sebuleni. Alikuwepo mama, na baba mdogo Yohana, ambaye tangu baba afariki ndiye mkubwa wa ukoo. Kaka alizungumza taratibu, kama mtu aliyejiandaa. Alisema ana watoto wanne wa kiume, na ardhi haiongezeki. Alisema hataki siku moja wanawe wagombane na shangazi yao kwa sababu ya miti ambayo yeye aliinyamazia ikiwa midogo. Akataka niombe radhi mbele ya wazee na niahidi kutopanda tena.

Baba mdogo akauliza mbona aliuacha ule wa maua. Kaka akajibu kwamba ule hauliwi, na hakuna mtu wa kudai shamba kwa maua.

"Huo nao ni mti, kaka," nikasema. "Na nimeupanda mimi."

Mama akaniinamia, akanisihi kwa sauti ya chini niombe radhi tu, tule kwa amani. Maneno hayo yaliniuma kuliko panga. Kahawa yote inayoizunguka nyumba hii aliipanda mama, Elia akiwa mgongoni, na sijawahi kumsikia akisema "kahawa yangu". Husema ya baba yenu. Hata sasa, baba akiwa kaburini.

Nikasimama.

"Baba mdogo, unisamehe kwa kusimama mbele yako. Siombi radhi. Baba alinipa kipande hiki akiwa na akili zake timamu, na wote humu ndani mnajua. Kaka akikata nitapanda. Akikata tena nitapanda tena."

Nikaketi. Nilikuwa nimemaliza nilichotaka kusema.

Baba mdogo hakuamua lolote. Alisema tutazungumza watu wakishamaliza kupanda mahindi, akachukua mwavuli wake akaenda. Kaka alitoka bila kunitazama. Nisijidanganye, hakuna aliyeshinda.

Nilivua nguo za kanisani. Kivulini nilikuwa na miche mitano kwenye viriba: michungwa miwili, miparachichi miwili, na mlimau. Miaka ile nilianzia kupanda nyuma ya nyumba kwa sababu nilikuwa naona aibu, mwanamke aliyeachika anayejifanya ana shamba. Leo nilibeba jembe mpaka mwisho wa kipande changu, pale barabarani, wakati watu wa ibada ya pili wanatoka.

Wakapita na miavuli yao. Nikawasalimia wote. Mama mmoja wa kwaya akasimama, akauliza napanda nini siku ya Bwana.

"Miti yangu, mama."

Akanitazama, akatazama nyumbani kwetu, akaendelea na safari.

Nilikuwa nachimba shimo la tatu nilipomwona mama. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kahawa kwenye kigoda, amejifunika kitenge kichwani, mvua inamnyeshea. Sijui alikuwa amekaa pale muda gani. Nikangoja aniambie niache, nirudi ndani, watu wanaona.

"Hapo maji yanatuama," akasema. "Mizizi itaoza. Sogea juu kidogo."

Nikasogea juu.

Imebaki miche miwili. Kunyeshe kusinyeshe, kesho kukipambazuka naichimbia mashimo.