Bima Uliyomwachia Chelangat

Kibet, ndugu yangu,

Baba haongei na mimi. Tunakula meza moja, nikimwekea chakula anakula, lakini neno hakuna. Nimeona heri nikuandikie wewe, kwa sababu haya yote yametoka kwako.

Habari za ile siku sitaki kuzirudia. Mvua, mteremko wa Sotik, lori la maziwa likiteleza na wewe ukilielekeza mtaroni lisiwagonge watu waliosimama na mikebe yao. Ndivyo wanavyotuambia, na sisi tumeshika hapo hapo. Tulikuzika nyuma ya majani chai, upande unaopata jua mapema. Mke wako alikuja na mtoto. Baba akafunga geti. Chelangat alisimama nje ya ua, Chepkoech mgongoni, mpaka tukamaliza kuimba. Nilipoanza kumfuata Mama alinishika mkono. Halafu Chelangat akageuka, akarudi kwao Siongiroi.

Ndipo ikaja habari ya bima ya maisha. Hakuna aliyejua ulikuwa nayo. Ajenti wako ndiye alitupigia simu, Bwana Otieno, yule mtu wa upande wa ziwa mwenye ofisi juu ya duka la mabati pale Sotik. Baba alivaa koti lake la kanisani tukaenda. Otieno akatupa pole, akatumiminia chai, halafu akasema aliyeandikwa kulipwa ni mke wako. Peke yake.

"Huyo alimwacha kijana wangu," Baba akasema. "Unamlipa mtu kwa kumwacha mwenzake?"

"Mzee, si mimi nimeamua. Ni marehemu. Bila kitambulisho cha huyo mama na sahihi yake, faili haitembei."

Baba hakumaliza chai. Aliposhuka ngazi, Otieno alinirudisha nyuma kidogo. Akaniambia ulipita kwake baada ya Chelangat kuondoka, akakuuliza kama mbadilishe jina. Ukamjibu, "Wacha hapo hapo. Huyo ni mke wangu, ni vile tu amekasirika. Na ana haki."

Kibet, kwa nini hukuyasema maneno hayo nyumbani? Mtoto wenu wa pili alizaliwa amekufa, Chelangat hata nguvu za kusimama hajapata, Mama akamwambia jikoni kwamba nyumba hii haikuzoea kuzika watoto mpaka yeye alipoingia. Wewe ulikuwa umekaa hapo na kikombe chako cha maziwa ya mursik. Ulinyamaza, naye akachukua mtoto akarudi kwao. Ulimpenda, najua. Baadaye kila siku ya soko ulikuwa unasingizia lori lina shida ili upate kupita Siongiroi. Lakini siku ile alikuwa anangoja neno lako moja tu, na hukulitoa. Nilikukasirikia. Bado nimekukasirikia, na umekufa, na sijui nipeleke wapi hasira hii.

Baba alienda sokoni akachapiwa karatasi, kwamba Chelangat anamwachia yeye bima yote. Akanikabidhi mimi.

"Wewe anakuamini," akasema. "Mwambie ni ya cheti cha kifo. Atie sahihi, upige kopi ya kitambulisho, urudi."

"Na akiisoma, Baba?"

"Ni Kiingereza cha korti. Hata wewe hukielewi."

Mama alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

Niliichukua. Ningesema nini? Ulikuwa kijana wake wa pekee, na tangu tukuzike anaamka anazunguka shamba bila jembe, anarudi, anakaa. Nilijiambia labda akipata kitu chako mkononi atatulia.

Nilimkuta Chelangat kwao akipukuchua mahindi. Amekonda. Chepkoech akajificha nyuma ya gunia, ana masikio yako kabisa. Kabla hata sijamaliza salamu, mke wako alijifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na kitambulisho.

"Nilijua mtakihitaji kwa mambo ya cheti," akasema. "Nisaini wapi?"

Akanyoosha mkono apewe kalamu. Kalamu ilikuwa mfukoni mwa sweta yangu. Nilikuwa nimeishika. Sikuwa hata na haja ya kudanganya, Kibet. Uongo alikuwa ameshausema mwenyewe kwa niaba yangu. Nilichotakiwa ni kutoa kalamu.

"Usisaini," nikamwambia. Halafu nikamweleza yote, karatasi, Baba, na yale uliyomwambia Otieno.

Hakuuliza ni pesa ngapi. Aliuliza, "Alisema 'mke wangu'? Alitumia hilo neno?"

"Ndiyo."

Akarudi kukaa. Akapukuchua gunzi zima, machozi yakidondokea kwenye mahindi. Mwishowe akasema, "Nilidhani na yeye alinikataa."

Nilifika nyumbani. Nikaiweka karatasi mezani mbele ya Baba, haina sahihi. Nikasema nimemwambia ukweli. Aliitazama, akanitazama.

"Umemuuza ndugu yako," akasema. Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu.

Nilimsindikiza Chelangat kwa Otieno, akasaini zile karatasi za haki. Faili inatembea. Halafu Jumamosi akaja hapa, hakuna aliyemwita. Alitaka Chepkoech aone mahali umelala. Niliwaona wakipita kati ya majani chai. Mama aliingia jikoni, nikadhani amekimbia. Akatoka na kiti, akakiweka kivulini. "Kaa," akamwambia mke wako. Ni hilo tu.

Baba alikuwa barazani. Mtoto akamwendea moja kwa moja, akasimama mbele yake na kuinamisha kichwa asalimiwe, kama watoto wetu wanavyofundishwa. Baba hakusogea. Mkono wake ulikuwa juu ya goti. Chelangat alikuwa amenyanyuka nusu, tayari kumrudisha. Mtoto akaendelea kuinama, anangoja.

Baba akainua mkono, akauweka juu ya kile kichwa kidogo.

"Wewe ni wa nani?" akauliza. Anajua vizuri.

"Wa Kibet."

Mkono hakuuondoa.

Sasa pumzika, ndugu yangu. Kesho kuna mvua na barabara ni mbaya, lakini si wewe utakayeendesha. Binti yako akikua atataka kujua ulikuwa mtu wa namna gani. Nitamwambia mazuri na mabaya, bila kupunguza. Hilo nakuahidi.

Dada yako,
Chebet