Gari Lako Halikuzima, Baba

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huitikii, ila kuanza kuzungumza nawe bila salamu nimeshindwa.

Jumamosi, redio moja ya hapa mjini ilirusha kile kipindi cha magari ulichokuwa ukikisikiliza huku ukibishana nacho. Safari hii walichambua magari ya haibridi. Mtangazaji akasema hayafai kwa mkoa wetu, kisha akatoa mfano: "Kuna familia hapahapa Singida, gari liliwazimikia njiani na mgonjwa ndani. Mgonjwa akafa. Sasa hilo ni gari au jeneza?" Hakututaja jina. Hakuhitaji. Mtaani kwetu Mandewa, wenye gari la namna hiyo na msiba wa namna hiyo ni sisi tu. Mama alizima redio, akatoka kwenda kuanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka.

Tangu siku hiyo situlii. Nafungua kitabu, nakifunga. Shuleni mvulana mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, "Eti gari lenu linaua?" Wakacheka. Unanijua nilivyo, nilitazama viatu vyangu mpaka wakachoka wenyewe.

Nakumbuka siku ulipolileta nyumbani. Jirani yetu Baba Salma, mkulima wa alizeti, alilizunguka akauliza ni gari gani. Ukamwambia haibridi. Kwake haibridi ni mbegu ya dukani, ile ambayo ukitunza punje zake kwa msimu ujao huvuni cha maana. Akapiga makofi. "Basi jirani, tulipande leo leo! Haibridi mwakani haipandiki!" Ulicheka mpaka ukaegemea boneti. Baadaye ulimweleza kwa uvumilivu kwamba kuna injini ya petroli na mota ya umeme, na vinasaidiana. Akaitikia kwa kichwa, kisha akaenda kuwaambia watu umenunua gari la msimu mmoja.

Jioni ile ulinipakia kiti cha mbele. Karibu na stendi ulisimama kupisha watu wavuke, na mlio wote ukapotea. Nikashtuka. "Baba, limezima!"

"Halijazima," ukasema. "Limenyamaza. Kuzima na kunyamaza ni vitu viwili."

Na kila tuliposoma gazetini uchambuzi wa gari fulani, uliuliza swali lilelile: "Huyu ameliendesha, au amehadithiwa?"

Siku ulipoanguka shambani Ilongero mimi nilikuwa shuleni, kwa hiyo ninayoyajua ni ya Mama. Baba mdogo ndiye aliyeshika usukani, kwa kuwa hakukuwa na dereva mwingine. Maisha yake yote ameendesha mafuso ya kubeba alizeti. Kwake injini isiyonguruma imekufa. Njiani ng'ombe walikuwa wanavuka, akasimama, gari likanyamaza. "Limezima hili!" akasema, akabonyeza kitufe ili aliwashe. Kumbe ndipo alipolizima. Akabonyeza tena bila kukanyaga breki, na bila breki lile haliwaki. Taa za dashibodi zikawaka, gari lisitembee. Akashuka, akafungua boneti. Walihangaika hapo, wewe ukiwa umelala mapajani kwa Mama, mpaka likapita gari jingine likawachukua.

Daktari alimwambia Mama kwamba pengine hata mngewahi isingesaidia. Pengine. Neno hilo mtangazaji hakulitaja, na mimi sijui nilifanyie nini.

Nikaanza kuwaandikia wa redioni, maana huwa wanasoma ujumbe wa wasikilizaji. Sikutaka kulisifia gari kwa sababu tu lilikuwa lako. Niliandika kwamba vumbi la huku huziba chujio la feni ya betri, na kwamba ulikuwa ukilisafisha kwa brashi ya viatu huku ukinung'unika. Niliandika kwamba fundi anayeijua betri ile hapa mjini hukuwahi kumpata. Kisha nikafika kwenye kitufe. "Kitufe kilibonyezwa," nikaandika. Mwalimu wetu wa Kiswahili angefurahi: kauli ya kutendwa, sentensi safi, na ndani yake hamna mtu. Nikaifuta. Nikairudisha. Ningemtajaje Baba mdogo, ambaye tangu utuache hajatuacha?

Jana alikuja na dumu la mafuta ya alizeti, kama kawaida yake. Nilimwamkia, nikamkabidhi ile karatasi, nikakimbilia jikoni. Akaisoma polepole, midomo ikicheza. Kisha akaniita.

"Mwanangu, hiki kitufe kilibonyezwa na nani? Jini?"

Nikachukua ufagio, nikaanza kufagia palipokwisha kufagiwa.

"Andika dereva. Andika baba yako mdogo, ukitaka. Unadhani nimesahau kidole changu?" Akaikunja karatasi, akaikunjua. "Lakini ukiandika hilo, andika na hili. Nilimwomba kaka anielekeze gari hili. Akasema, 'Wewe baki na mafuso yako, hili utaniharibia.' Mbele za watu. Tukacheka wote."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. "Hata mimi hakunionyesha," akasema. "Nilidhani ni mambo ya wanaume. Kumbe hata wanaume hakuwaonyesha."

"Alilipenda mno," Baba mdogo akasema.

"Alilipenda," Mama akajibu, akarudi ndani.

Baba, siku uliyomwambia hivyo nilikuwepo. Nilicheka kuliko wote, kwa sababu ulikuwa umenikalisha mimi kiti cha mbele na nilijiona mteule. Niliyajua mambo ya gari lile, mimi nisiyeweza hata kuliendesha. Wenye kuendesha hawakuyajua.

Sasa nimeandika upya. Vumbi lipo, betri ipo, "pengine" ya daktari ipo. Halafu inafuata hii: "Gari halikuzima. Dereva, ambaye ni baba yangu mdogo, hakulijua, akalizima mwenyewe. Hakulijua kwa sababu mwenye gari, ambaye ni baba yangu, alikataa kumfundisha." Nimeisoma tena na tena nikitafuta pa kuilainisha. Nimejaribu kuweka "labda." Nimejaribu kuanza na wema wako. Kila nikifanya hivyo naanza kufanana na yule mtangazaji, anayechagua cha kusema na cha kuacha.

Kwa hiyo nimeiacha ilivyo. Kesho nikitoka shule nitaipeleka pale redioni kwa mkono wangu, mimi ninayeogopa hata kuagiza chapati. Wakiisoma, watu watakusema. Wasipoisoma, wataendelea kulisema gari, na Baba mdogo ataendelea kuinamisha kichwa akipita kwa majirani.

Nakupenda vilevile, na ile sentensi inayokutaja siiondoi. Usinikasirikie.

Pumzika wewe, Baba. Mimi bado sijaweza.

Binti yako,
kifunguamimba