Friza Niliyochagua Imeharibu Kazi ya Shemeji

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila nisikilize kwanza kabla hujanigombeza, mimi ni fundi wa maabara na kazi yangu kubwa ni kutunza friza, humo tunahifadhi peptidi za utafiti, yaani vipande vya protini vilivyokaushwa vikawa unga mweupe, chembe kidogo tu kwenye kila kichupa, na vinatakiwa vikae miaka kwenye baridi isiyobadilika, mwenye vichupa ni shemeji yangu, mke wa kaka, ndiye aliyenitafutia kazi hii, sasa friza ya zamani ilikuwa inajaa barafu mpaka droo hazivutiki, kila mwezi naibandua vidole vikifa ganzi, basi nilipoambiwa nichague mpya nikachukua ile isiyoshika barafu, kama za majumbani, shemeji akasema, "Umetuokoa, shem!" nami kichwa kikavimba, kumbe friza hiyo hujipasha joto yenyewe kila mara ili barafu isishike, haya nimeyasoma juzi kwenye kitabu cha maelekezo ambacho kwa miaka miwili sikukitoa kwenye mfuko wake wa nailoni. Majaribio ya shemeji yaliyofaulu kabla ya friza hii sasa hayafaulu, amerudia mara sita, amekonda, anamwambia kaka labda alijidanganya tangu mwanzo, na mwisho wa mwezi anamwandikia profesa wake barua ya kufuta matokeo yale ya mwanzo. Nikisema nitafukuzwa, na nyumbani nitamtazamaje? Nimewaza nihamishe vichupa kimyakimya kwenye friza nyingine, yaishe.

Fundi Mwenye Kosa

Fundi, pole, ila pole yangu ni fupi. Kuchagua friza mbaya ni kosa la mtu aliyechoka kubandua barafu, hata mimi ningelifanya. Kitabu kukaa miaka miwili mfukoni ni uvivu, tusiupambe. Kunyamaza huku shemeji yako anakonda ni kubaya kuliko yote hayo. Na hiyo hila ya kuhamisha? Unga ulioharibika hauponi kwa kubadilishiwa chumba. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nina jirani mkemia, nimemuuliza. Alicheka kwanza, kisha akasema usitupe kitu. Andika tarehe friza mpya ilipowashwa, na vichupa viwili ambavyo havijafunguliwa vipelekwe kupimwa kama bado ni safi. Kabla ya kufunguliwa vikae mezani mpaka baridi iishe, la sivyo unyevu wa hewa utaingia kwenye unga. Mzigo mpya uweke kwenye friza inayoshika barafu, na uibandue bila kununa.

Usimtume kaka yako akusemee. Mfuate shemeji kazini, useme: "Shem, ni friza niliyochagua mimi. Sikusoma maelekezo." Atafoka, mwache afoke. Kazi unaweza kuipoteza kweli, sikufichi. Lakini yule dada yuko karibu kutia saini kwamba alikosea, na wewe ndiye mtu pekee anayejua kwamba hakukosea. Mwambie leo.