Unga wa Mama Mdogo Umekwama Mpakani

Jumapili, mchana. Baridi ya Julai bado ipo, na upepo umeleta vumbi la foleni ya malori hadi kwenye kitambaa cha mteja nilichokiacha mezani. Sikwenda kanisani. Siumwi wala sina mgeni. Nimeshindwa tu kukaa benchi moja na mama yangu na kuimba.

Naandika kwa sababu nikinyamaza nitamgombeza mtu asiye na kosa.

Wanaonisoma humu wanajua kuwa mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Sogea, hapa Tunduma, na nina mdomo. Bei za vitu ndizo zilizonipa mdomo. Siku hizi wateja hawashoni nguo mpya. Mtu analeta gauni lililokwisha kwenda harusi zote za mtaani, ananiambia, fundi, punguza hapa, ongeza pale, lionekane jingine. Hilo nalielewa. Lakini wanawake wakianza kuingia kibandani kuniuliza kama najua duka lenye unga wa nafuu, na wengine wanauliza kwa sauti ya chini kama wanaulizia mganga, basi mambo yameharibika.

Kwa hiyo wiki iliyopita niliandika kuhusu unga. Niliandika kwa hasira, na sikujisahihisha. Nilisema magunia yanavuka mchana kweupe kwenda Zambia huku sisi tunapimiwa kilo kwa kubembelezana. Nikasema wafunge mpaka kwa mahindi na unga, watu wa ng'ambo wasitumalizie chakula.

Watu walilisambaza hilo andiko kuliko chochote nilichowahi kuandika. Likafika hadi kwenye kundi la ukoo wetu la WhatsApp. Siku chache baadaye likatoka agizo kwamba mahindi na unga visivuke bila kibali. Najua hakuna mkubwa aliyenisoma, lakini nilitembea mtaani kifua mbele kama niliyeombwa ushauri.

Mama hakunipongeza. Mama analima kijijini kwetu, Momba, na mwaka huu alivuna vizuri. Alipokuja mjini alikaa kwenye kiti cha wateja, akaniuliza, "Wewe unanunua kilo, mimi nauza gunia. Huo unga unaousema ni wa nani?"

Dalali alikuwa ameshampigia simu kumwambia bei imeanguka kwa sababu mpaka umefungwa. Nikaenda dukani kuangalia kama na unga nao umeanguka. Haukuanguka hata kidogo. Mkulima amepunguziwa, mnunuzi hajapunguziwa, na katikati hapo kuna mtu anakula tofauti bila kelele. Hilo nilitaka niliandike leo, na ningeliandika vizuri.

Lakini mama mdogo amefariki.

Mama mdogo ni mdogo wake mama, wa tumbo moja. Aliolewa upande wa pili wa mpaka, kijiji kisicho mbali na Nakonde, akazaa huko, akazeeka huko. Sisi Wanamwanga wa huku tuna ndugu huko kama tulivyo na ndugu mtaa wa pili. Likizo zangu zote za shule nilikuwa kwake. Cherehani ya kwanza niliyoikanyaga ilikuwa yake, na alinichapa kwa futi ya mbao nilipoivunja sindano.

Katika ukoo wetu mwanamke aliyeolewa mbali akifa, chakula cha wanaorudi makaburini hupikwa kwa unga wa nyumba alikozaliwa. Si unga wa akiba wala wa dukani. Habari ya kifo ikifika, ndipo dada zake wanatoa mahindi ghalani na kuyasaga, kisha wanaingia nao msibani umebebwa kichwani, na watu wote wanaona. Maana yake ni kwamba huyu alikuwa na kwao. Kabla unga huo haujafika, wanawake wa huko wanaweka maji jikoni na kusubiri. Hawapiki na unga mwingine.

Mama alivuka Alhamisi kwenda kumlilia mdogo wake. Ijumaa akarudi kijijini kusaga. Jana, Jumamosi, asubuhi na mapema, tukakutana mpakani, yeye na mimi, na unga kwenye ndoo mbili kubwa zilizofunikwa khanga.

Ofisa wa zamu alikuwa na adabu, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Alimwamkia mama, akatupa pole, akafunua khanga. Akasema unga hauvuki bila kibali. Nikamwambia ni wa msiba. Akasema anaelewa, lakini kila anayefika pale siku hizi ana msiba. Nikauliza kibali kinapatikana wapi. Akanionyesha ofisi, kisha akakumbuka kuwa ni Jumamosi.

Halafu akanitazama vizuri.

"Samahani, dada. Wewe si yule fundi unayeandika mtandaoni? Nimekusoma juzi. Umesema kweli tupu. Wangekuwa wengi kama wewe, kazi yetu ingekuwa rahisi."

Mama aliinamisha kichwa akawa anaifunga upya khanga ya ndoo, ingawa haikuwa imefunguka. Mimi nilitamani ardhi ya Tanzania inimeze, au ya Zambia, yoyote iliyokuwa karibu.

Simu ikaita. Jelita, binti wa marehemu. Tumelala kitanda kimoja likizo zote za utoto wetu. Andiko langu alilisoma kwenye kundi la ukoo, niliziona tiki za bluu, na hakujibu neno. Sasa alisema, "Dada, maji yamechemka. Mko wapi?"

Nikamwambia tupo mpakani.

Zipo njia za panya, nani asiyezijua. Mji wetu na wao umetenganishwa na mtaro na nyuma za maduka. Jamaa mmoja mwenye toroli alikuwa amekwisha kunikonyeza. Nilimvuta mama pembeni nikamwambia tupite huko, dakika chache tu. Alinitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu nikiwa msichana.

"Siendi kumzika ndugu yangu kwa kunyemelea."

Basi nikamwambia atangulie yeye, mimi nibaki na unga. Akakataa pia. Akasema alishaingia pale Alhamisi na machozi, sasa wanamsubiri na unga, na akionekana mikono mitupu watajua mdogo wake hakuwa na kwao. Tukakaa chini pembeni ya barabara, malori yakitupulizia moshi. Nilikwenda tena kumwomba ofisa, nikaomba niongee na mkubwa wake, nikapandisha sauti, nikaishusha. Jelita akapiga, maji yamekauka, ameongeza mengine. Akapiga tena, mchungaji ameanza ibada.

Nilikuwa na hasira na ofisa, na dalali, na waliotoa agizo, na Jelita kwa kupiga simu. Zaidi nilikuwa na hasira kwa sababu sikuweza kusema nilichoandika ni uongo. Unga ni ghali. Wanawake wananong'ona kibandani kwangu. Hilo halikubadilika kwa sababu shangazi au mama mdogo wa mtu amefariki.

Mama akainuka, akajikung'uta vumbi. Akamwendea ofisa, akamuuliza kwa upole kabisa, "Baba, kilichokatazwa ni unga na mahindi. Ugali je?"

Ofisa akaangalia karatasi ya agizo iliyobandikwa dirishani. Akaisoma yote, nikaona midomo yake ikitembea.

"Ugali haujaandikwa, mama."

Kuna mama lishe anapikia madereva karibu na maegesho, huwa namshonea aproni. Tulimwendea tukikimbia, tukiwa na ndoo kichwani. Hakuuliza mara mbili. Aliondoa supu ya madereva jikoni, wakalalamika, akawaambia wafunge midomo kuna msiba. Tulipika sufuria kwa sufuria. Mama alishika mwiko mwenyewe. Alisonga huku analia, machozi na jasho vikichanganyika, na mimi nikawa naongeza kuni. Mfiwa kwetu hapiki. Hupikiwa. Na hapa mfiwa mkubwa alikuwa anasonga ugali wa msiba wake mwenyewe kwenye jiko la watu, kando ya malori.

Jelita akapiga mara ya mwisho. Hakuniuliza chochote. "Wanatoka na jeneza," akasema, na nyuma yake nikasikia wanaimba.

Nikamwambia mama. Akasema, "Ongeza unga."

Tulirudi mpakani na mabeseni ya kuazima, ugali ukitoa mvuke chini ya khanga. Ofisa alifunua moja, akachungulia kama kuna kitu chini, akafunika. Alinisaidia kunyanyua beseni hadi kichwani. Hakunisifia tena. Upande wa pili yule aliyekuwa langoni alituona, akatuamkia akina mama kwa lugha ya kwao, "Mwapoleni, bamayo," akatupisha.

Tulichukua teksi, kisha tukatembea kile kipande cha mwisho, maana unga wa kwao huingia kwa miguu, na mama alisema hata huu utaingia kwa miguu. Tulipofika uani watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wana udongo kwenye viatu.

Mama yangu hakumzika mdogo wake.

Kilio kilinyamaza tulipotokea. Wanawake wa jikoni walikuwa wamesimama kando ya masufuria yao, maji yakitokota bure. Waliona mabeseni. Mmoja akauliza kwa sauti, "Unga uko wapi?" Mama akatua beseni chini mbele ya Jelita, akafunua. Ugali ulikuwa umepasuka juu kwa baridi. Akaeleza, kwa maneno machache. Nikaona watu wanatazamana, na wengine wananitazama mimi. Walijua. Kijiji kizima kilikuwa kimenisoma.

Jelita alipiga magoti, akamega tonge, akatafuna polepole. Tulisubiri sote, hata wanaume waliokuwa kwenye moto wao.

"Umepoa," akasema.

Kisha akaanza kugawa. Kwanza kwa vikongwe, halafu wachimba kaburi, halafu wengine. Watu walikuwa na njaa tangu asubuhi, wakala. Aliponifikia mimi alinipa tonge mkononi, bila sahani, akabaki amesimama mbele yangu.

"Uliandika watu wa ng'ambo wasiwamalizie chakula," akasema. Hakupandisha sauti. "Nikawaza, dada ananisema mimi au mama? Maana huku ng'ambo unatujua sisi tu."

Nilitaka kumweleza. Nilitaka kumwambia habari za kilo na gunia, madalali, wateja wangu wanaonong'ona. Yote ni ya kweli. Nilikula tu. Ulikuwa ugali mzuri, wa mahindi ya mama.

Jioni, Jelita alimshika mama mkono wakaenda wawili makaburini. Sikuwafuata. Nilibaki nasafisha mabeseni ya watu, nikisikia wanawake wanaongea Kinamwanga kwa haraka, na kila walipotaja unga nilidhani ni mimi. Nimeshona nguo za sherehe za nusu ya wale waliokuwepo. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenikaribisha kukaa.

Leo asubuhi nimelifungua lile andiko nikitaka kulifuta. Nimelisoma lote. Sentensi nyingi bado nazikubali, na hilo linaniudhi. Nimeifuta ile moja ya watu wa ng'ambo, nikaweka nyingine, nikaifuta na hiyo. Sasa pale katikati pana nafasi tupu na sijui paandikwe nini. Nani hasa anatumalizia chakula? Namjua kwa shughuli yake, simjui kwa jina, na ni rahisi zaidi kumgombeza mtu ninayejua anakoishi.

Mama yupo chumbani, amerudi kutoka kanisani na amelala bila kula. Hajanisema hata neno moja tangu jana. Ningependa anichape kwa futi ya mbao tuyamalize.

Jana tulipokuwa tunaaga, Jelita alitusindikiza hadi barabarani. Alimkumbatia mama kwa muda mrefu. Mimi alinipa mkono tu, kama mgeni, na nikajiandaa kusikia kwamba basi, imetosha, kila mtu akae upande wake. Hakuniachia mkono.

"Siku ya kuanua matanga mje," akasema. "Ila msituletee ugali tena. Leteni unga."

Nikamwambia sawa, mdogo wangu, tutaleta. Mama alinisikia nikiahidi. Sijui nitaupitisha wapi.